Siku Mjomba Alipopatana Bei ya Umeme

Ilianza siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya mwezi wa sita. Saa naijua kwa sababu mayai ya mama ya kutotolesha hugeuzwa alfajiri, saa nne kamili na jioni, na mimi nilikuwa nimetoka kuyageuza, nikakimbia mpaka uwanja wa shule ya msingi mikono ikinuka bado dawa ya kusafishia treyi. Nilipofika kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi, watu wameziba masikio, na mwanamke mwenye miwani aliyekaa katikati ya meza ndefu alikuwa anasema, "Tukae jamani, tuanze."

Viti havikutosha. Wanaume walikaa mbele chini ya turubai, akina mama tukabaki nyuma kwenye madawati yaliyotolewa darasani. Mimi nilimpata mama yangu, nikajibana pembeni yake, nikashukuru kwamba mbele yetu kulikuwa na mtu mnene. Mimi ni mtu wa kujificha. Shuleni mwalimu akiuliza swali ninalolijua, huwa naangalia kalamu yangu mpaka ajibu mwingine. Sijivunii jambo hilo ila ndivyo nilivyo, na bila kulisema, mambo ya siku ile hayataeleweka.

Kijiji chetu kiko bondeni, ukitoka Mang'ola ukielekea upande wa Ziwa Eyasi. Watu wa Karatu mjini, ninakosoma, wakisema "huko chini" wanatusema sisi, vumbi letu na vitunguu vyetu. Nguzo za umeme wa taifa bado hazijatufikia. Tunatumia umeme wa kampuni ndogo ya jua. Paneli zao zimepangwa ndani ya uzio nyuma ya migunga, betri zao ziko kwenye kontena, na kila mteja ana mita anayoinunulia uniti kwa simu. Sasa kampuni ilikuwa inataka kupandisha bei.

Zamani nilidhani mwenye umeme akitaka kupandisha bei anapandisha tu, kama mwenye duka anavyoamka na bei mpya ya sukari. Kumbe hapana, lazima aombe. Awe anauza umeme au gesi ya bomba, awe mkubwa au mdogo, anapeleka maombi kwenye mamlaka ya serikali inayodhibiti bei. Anaeleza ametumia nini, atahitaji nini, na kwa nini bei ya sasa haitoshi. Mamlaka nayo kabla ya kukubali au kukataa inakuja kuwauliza wanaolipa. Hayo niliyasoma kwenye tangazo lililobandikwa ofisi ya kata. Nililisoma mara kadhaa, kwa sababu ukiwa unasoma ukutani hakuna anayekusimamisha akuulize umekuwaje mkubwa hivi.

Tangazo lilisema kampuni inaomba bei mbili. Ya mchana ingepanda kidogo, ya usiku ingekaribia kuwa mara mbili. Mchana umeme unatoka moja kwa moja kwenye jua, usiku unatoka kwenye betri, na betri zimechoka. Niliporudi nyumbani nikamweleza mama, aliacha kupepeta mchele.

"Ya usiku?" akasema.

"Ya usiku."

"Basi mashine inaondoka."

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao lenye kioo mlangoni, la kutotolesha vifaranga. Iko kwenye chumba kilichokuwa cha kulala wageni. Ndani kuna treyi, kuna bakuli la maji la kuleta unyevu, kuna kipasha joto na feni ndogo inayolia usiku na mchana kama nyuki aliyefungiwa. Wanawake huleta mayai kutoka kote. Kuna mama mmoja mfugaji, hutoka Kakesio na mayai yake kwenye ndoo ya pumba, amepakiwa nyuma ya bodaboda, amekumbatia ile ndoo kama mtoto mgonjwa. Mama yangu huyaweka wiki tatu, vifaranga wakitoka anachukua wachache kama malipo, anawakuza, anauza. Kabla ya hapo alikuwa akichambua vitunguu kwenye mabanda kwa kibarua cha siku, ameinama toka asubuhi, mpaka mgongo ukakataa. Kuna msimu alikuwa anashuka kitandani kwa magoti. Baba yuko kazini huko juu, hotelini karibu na lango la Ngorongoro, huja mwisho wa mwezi. Aliyekuwa anamwona mama akishuka kwa magoti ni mimi.

Tayari kulikuwa na bwana mmoja wa Karatu aliyekuwa anaitaka ile mashine. Mama alikuwa amemwambia asubiri mkutano upite. Kwa hiyo nilipokaa pale kwenye dawati nilijua tunasubiri nini. Bei ya usiku ikipita kama ilivyoombwa, mashine inapanda lori, na mama anarudi kuinama.

Tumaini letu lilikuwa mjomba.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Ni dalali wa vitunguu, na kwetu hakuna anayempita kwa kupatana bei. Wakulima wanasema akisimama na mnunuzi, yule mnunuzi anaondoka amelipa zaidi na bado anamshukuru. Jioni iliyotangulia wenye pampu za umwagiliaji walikutana kwenye banda la vitunguu wakamchagua awe msemaji wa kijiji kizima. Mama hakuitwa, lakini alifurahi. "Kaka yangu akisimama, tumepona," aliniambia.

Kuna desturi moja ya pale bandani lazima niieleze. Bei ikifikiwa, watu hupeana mkono na wanaosimama karibu hupiga makofi. Lakini mpaka mdomo wa gunia ushonwe kwa sindano na kamba, yeyote kati yao anaweza kurudisha mkono wake, na hakuna atakayemwita mwongo. Likishashonwa, basi, hata kama ndani kuna mawe ni yako.

Mkutano ulianza vizuri. Yule mwanamke mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wageni kutoka mamlaka, alitusalimia, akasema wamekuja kusikiliza na hawataamua leo. Akampa nafasi meneja wa kampuni. Meneja ni kijana, kaja kutoka Dar, ameishi kwetu kama miaka miwili, anavaa kofia ya majani kama vibarua na hajifanyi. Akaeleza habari za betri, mafundi, nauli za vipuri. Akamalizia, "Bei tuliyoomba ndiyo gharama yenyewe. Haina hata senti ya ziada."

Nilimwamini. Mpaka leo sidhani kwamba ni mtu mbaya.

Kisha mjomba akaitwa. Alitembea taratibu, amevaa koti lake la harusi na ndala. Akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayepima uzito.

"Mheshimiwa mwenyekiti na wenzako, karibuni sana huku chini kwetu. Poleni na vumbi. Mimi ni mkulima, tena dalali. Naomba niongee na mwenye mali."

"Mwenye mali ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Si huyu hapa." Akamgeukia meneja. "Dogo, habari za kazi?"

"Salama mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mali yako tumeiona, ni nzuri, haijalowa maji. Ila bei uliyotaja ni ya kumtajia mtalii, sisi ni wenyeji. Umeme wa mchana mimi nakupa hivi." Akataja bei ambayo ilikuwa chini hata ya ile tunayolipa sasa.

Turubai zima likacheka. Meneja naye akatabasamu, akavua kofia.

"Mzee, kwa bei hiyo hata jua lenyewe litagoma kuchomoza."

"Kwani jua unalinunua wapi? Nielekeze na mimi nikanunue."

"Nanunua paneli, mzee."

"Paneli ulishanunua mwaka ule. Mimi jembe langu nikishalinunua silinunui tena kila nikilima."

Watu wakaanza kuvuta viti mbele. Hata wale wageni wawili waliokaa pembeni ya mwenyekiti waliacha kuandika. Meneja alishuka kidogo. Mjomba alipanda kidogo, kwa shingo upande, akiugulia kama anang'olewa jino.

"Na hiyo ya usiku sasa," mjomba akasema, "hiyo ni lumbesa." Kwetu lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likavimba juu kama kilemba, ili mkulima atoe gunia moja na nusu alipwe moja. Hakuna tusi kubwa zaidi ya hilo huku kwetu. Watu waliitikia kwa kelele.

Meneja akakaza uso. "Usiku siwezi, mzee. Usiku ni betri. Mchana nitashuka tena, mpaka hapa." Akataja. "Lakini usiku uniachie kama nilivyoomba."

Mjomba akageuka kuwaangalia wenye pampu. Pampu hufanya kazi mchana. Mmoja akanyanyua kidole gumba. Mwingine akasema, "Usiku sisi tumelala, mpe."

Mjomba akanyoosha mkono. Meneja akaupokea. Makofi yakalia mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la shule.

Mama hakupiga makofi. Aliweka mikono yake mapajani, akaiangalia. Mjomba alikuwa ametuuza, na hakujua. Nina hakika kwamba hakujua. Kwa dalali lazima utoe kitu ili upate kitu, na yeye alitoa kile ambacho waliomtuma hawakukihitaji.

Mwenyekiti alisubiri makofi yaishe. Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio wake, akaivaa tena.

"Mzee wangu," akasema, "nimefurahi kukusikiliza. Ningekuwa na mali ningekupa wewe uniuzie. Lakini hapa hakuna aliyeuza na hakuna aliyenunua. Sisi hatukuja kushuhudia mapatano. Tumekuja kujua umeme huu unagharimu kiasi gani kuuleta kwenu, ili mwenye kampuni asifilisike na nyie msionewe. Bei haitoki kwa nani ana maneno mazuri."

Mjomba akakuna kichwa.

"Na wewe meneja," akaendelea, sauti ile ile, "sasa hivi umetuambia bei uliyoomba haina hata senti ya ziada. Halafu umepunguza mara mbili, umesimama hapo hapo. Hiyo uliyopunguza ilikuwa ya nini?"

Meneja alivua kofia tena, ingawa alikuwa hajaivaa vizuri. "Mheshimiwa, nitasema ukweli. Nimeishi huku. Huku hata ukitaja bei ya kiberiti, mtu anakuambia punguza. Nilipoandaa maombi niliacha nafasi ya kupunguziwa."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Hata mwenyekiti alifunika mdomo. Mjomba alicheka kuliko wote, akampiga meneja begani, akasema, "Sasa umekuwa mtu wa hapa, dogo, tukutafutie shamba."

Ninapoandika hivi naona lilivyokuwa jambo la ajabu. Mjomba alikosea kabisa kazi ya mkutano ule. Alidhani ni banda la vitunguu. Lakini kosa lake hilo lilifanya jambo ambalo pengine maswali ya wataalamu yangechukua siku nyingi kulifanya. Mwenyekiti akamwamuru meneja arudie hesabu zote bila nafasi ya kupunguziwa na kuzipeleka upya, tena hasa za betri.

Kisha akatazama mkutano mzima. "Waliozungumza mpaka sasa ni watu wa mchana. Nani hapa anategemea umeme wa usiku?"

Vichwa vikageuka huku na huku.

Nikamgusa mama. Hakusogea. Nikamnong'oneza, "Mama, anauliza."

"Nimesikia."

"Sasa?"

Alinijibu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, polepole, bila kugeuza uso. Maana yake ilikuwa hivi: kaka yangu ameshatoa mkono mbele za watu, siwezi kusimama nikamwangusha. Angekuwa nyumbani ningemwambia. Nikasema tukifika nyumbani wageni watakuwa wameshapanda magari yao. Akasema anajua. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. "Mimi nikisema, nimempinga. Mtoto akiuliza, ameuliza tu."

Nilimwangalia. Alikuwa bado anatazama mikono yake. Nikaona vidole vilivyopinda kwa kuchambua vitunguu miaka yote ile, na nikajua kwamba hanilazimishi. Ningekaa kimya angeninunulia soda njiani kama kawaida, na asingelitaja tena.

Nilisimama. Nasema nilisimama, lakini kwanza nilinyanyuka nusu nikakaa, na dawati likalia, na ndiyo hiyo kelele iliyomfanya mwenyekiti anione. "Binti kule nyuma," akasema. "Mpeni kipaza sauti."

Kikaletwa, kikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Kilikuwa na joto la mikono ya mjomba. Nikasema kitu. Watu wakasema, "Hatusikii." Nikasema tena. Mtu mmoja akasema, "Hicho kipaza sauti unakila au unaongea?" na wengine wakacheka. Mwenyekiti akawanyamazisha kwa kiganja tu, akaniambia, "Chukua muda wako. Sisi tuna siku nzima." Sentensi hiyo nimeitunza. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo mbele ya darasa.

"Naomba kuuliza," nikasema. "Sisi nyumbani tuna mashine ya vifaranga. Mayai yakishaingia hayatoki wiki tatu, na mashine haizimwi. Sasa wengine wanaweza kulala, lakini mayai hayawezi kusubiri asubuhi. Nauliza, mtu wa namna hiyo anafanyaje?"

"Wafundisheni vifaranga kulala bila shuka," mtu akasema kutoka mbele.

"Wewe nyamaza, jana ulikuja kununua kuku kwake," mwanamke mwingine akamjibu, na kicheko kikamgeukia yeye.

Mwenyekiti hakucheka. Akaniuliza, "Mashine inatumia uniti ngapi kwa usiku?"

"Sijui."

Uso ulikuwa unaniwaka. Nikategemea aniambie nikae. Akasema tu, "Sijui nalo ni jibu zuri, tutalipima. Inakula zaidi mchana au usiku?"

Hilo nililijua. Nalijua kwa mikono yangu. "Usiku. Mchana huku kuna joto, taa ya kipasha joto haiwaki sana, wakati mwingine tunafungua mlango kidogo ili mayai yasiive. Usiku upepo wa ziwani ukianza, ile taa haizimi mpaka asubuhi. Kwa hiyo mchana ukishushwa bei…" Hapo nikakwama. Nilimwona mjomba. Alikuwa amesimama pale pale mbele, amegeuka, ananitazama. Nikasema nikitazama miguu yangu, "Ukishushwa mchana, sisi hatupati kitu. Samahani mjomba."

Nikakaa. Mama alinishika goti, akalibana.

Watu wote walimgeukia mjomba, wakisubiri akasirike. Mjomba akamtazama mama. Nadhani ndipo alipokumbuka chumba cha wageni, na ile feni, na zile siku alizokuwa akija kutusaidia kumwinua mama. Akashusha pumzi ndefu.

"Mheshimiwa," akasema, bila kipaza sauti, maana sauti yake haihitaji. "Huyo ni mpwa wangu. Leo ndiyo nimemsikia akiongea kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na ameanza kwa kunivunjia biashara."

Watu wakacheka kwa woga.

"Gunia halijashonwa," mjomba akasema.

Akamwendea meneja, akachukua mkono wake ule ule, akaushika kidogo, akauachia mbele ya watu wote. Ndivyo mkono unavyorudishwa kwetu. Akamgeukia mwenyekiti. "Andikeni kwamba bei ya usiku hatukuikubali. Niliyesema tumekubali ni mimi, na mimi nilisema kabla sijauliza nyumbani kwangu."

"Na mchana wetu je?" mwenye pampu mmoja akauliza, amekasirika.

"Mchana wako una jua bure, bwana. Dada yangu ana giza."

Mwenyekiti akaandika. Akamuuliza meneja ni nani hasa wanaomaliza betri usiku. Meneja, ambaye nadhani alikuwa ameshachoka kuficha kitu chochote siku ile, akasema taa za nyumba na friji ya zahanati hazili sana. Inayokula ni kambi ya watalii iliyoko ng'ambo ya mfereji, na majokofu yake na mashine za kupasha maji ya kuoga. Kambi haikutuma mtu mkutanoni. Mwenyekiti akaandika na hilo.

Uamuzi haukutolewa siku ile, na niuseme hapa hapa nisije nikausahau. Ulikuja nikiwa nimesharudi shule. Mama alinipigia kwenye simu ya matroni akanisomea karatasi kutoka ofisi ya kata, huku akisitasita kwenye maneno marefu. Mamlaka haikuikubali bei ya usiku kama ilivyoombwa. Imepanda, lakini kidogo, kwa mteja anayetumia kiasi cha kawaida, na anayevuka kiasi hicho ndiye anayelipa ile kubwa. Mchana umebaki karibu ulipokuwa, wala haukushuka mpaka pale ambapo mjomba alikuwa ameufikisha. Wenye pampu walimnunia mjomba msimu mzima. Wawili walimpelekea vitunguu vyao dalali mwingine. Sijawahi kumsikia akilitaja.

"Mashine?" nilimuuliza mama kwenye simu.

"Inalia hapa," akasema, na akaipeleka simu karibu na kioo ili niisikie feni. Matroni aliniuliza mbona nacheka peke yangu.

Jioni ya ile Alhamisi, baada ya mkutano, mama alininunulia soda kama nilivyojua. Tulikunywa tumesimama nje ya duka. Nilitaka aniambie kitu kikubwa, nakiri. Aliniambia, "Ulisema taa ya kipasha joto. Ulisema vizuri." Kisha akasema lazima mtu aende kwa mjomba, na yeye hawezi kwenda leo, atalia. Tukarudi nyumbani, tukageuza mayai.

Usiku sikupata usingizi haraka. Nilikuwa nafikiria ule mkono ulioachiwa. Mtu mzima, dalali, anayekula kwa neno lake, amelirudisha neno mbele ya kijiji kwa sababu ya swali la mtoto. Angeweza kusema, wewe binti, mambo ya wakubwa hayo. Wote wangemuunga mkono, na mimi ningekaa kimya maisha yangu yote nikiwa na sababu.

Asubuhi yake niliamka kabla ya mama. Nikageuza mayai, nikaongeza maji kwenye bakuli, nikavaa viatu vyangu vya shule kwa sababu vilikuwa ndivyo visafi, nikaenda kwenye mabanda ya vitunguu. Lori lilikuwa limeshaegeshwa. Mjomba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sindano ya magunia mkononi, anashona peke yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunivunjia na hii?"

Nikatikisa kichwa. Nikapiga magoti kwenye maganda ya vitunguu, nikaukusanya mdomo wa gunia kwa mikono miwili ili apate kushona.

"Vuta huku kwako," akasema. "Zaidi. Hapo hapo."

Akapitisha sindano. Tulishona moja, akasogeza jingine, nikalishika. Tuliendelea hivyo mpaka jua likaingia bandani na ikabidi nikimbie nyumbani, maana saa nne ilikuwa inakaribia.